Nani Kachoma Kilima Kipara

Mkono wangu wa kushoto haunyooki. Mfupa uliunga vibaya, umebaki umekunjika kama mkono wa mtu anayepakata mtoto. Hapa Bunju kila mtu ana hadithi yake juu ya mkono huu. Wengine wanasema nilianguka mtini. Mtini! Miaka sabini na moja, nipande mti natafuta nini? Wengine wanasema Bi Mwajabu mchawi, alikwenda kuchoma kilima cha watu moto ukamrudi. Basi naandika mwenyewe yalivyokuwa, na damu yake, anayetaka kusoma asome.

Kilima Kipara ukiwa barabara ya Bagamoyo hukioni. Unapita nyumba, unapita nyumba ambazo hazijaisha, unapita mashimo ya mchanga, halafu nyumba zinakatika unaanza vichaka, na baada ya vichaka ndipo chenyewe kinainuka. Hakina mti hata mmoja. Ni nyasi kutoka chini mpaka juu, na upepo. Hakuna maji, hakuna kuni, hakuna hata mti wa kuchoma mkaa, kwa hiyo hakuna anayekwenda. Watoto wa siku hizi hawajui kama kina jina.

Mie nimezaliwa juu yake. Tulikuwa nyumba kumi na nne. Mwaka wa sabini na nne wakaja wanaume wenye bunduki, wakasema tushuke wote barabarani, tukae pamoja kijijini kama wenzetu. Aliyekawia alichomewa nyumba. Mama yangu, Mwamvua binti Mbwana, akakaa mlangoni akasema yeye hashuki. Wakamvuta nywele mpaka uani. Akarudi akakaa. Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakatoka. Akayaokota, akayafunga kwenye pindo la kanga, akakaa tena. Hapo wakatia kiberiti paa. Nyasi nazo zikashika, kilima kizima kikawaka. Sie tulikuwa tumeshashushwa, tunatazama kutoka chini, na mie nikajua mama ameshakuwa mkaa.

Kesho yake nikapanda kutafuta mifupa. Nikamkuta amekaa kwenye majivu anamenya muhogo ulioiva kwa moto huohuo. Nyusi hana, kope hana, lakini mzima. Akanambia, "Moto haurudi ulikokwisha kula. Usiukimbie. Upite, ukae nyuma yake."

Aliishi kule peke yake miezi mitatu. Akafa mwezi wa Shaabani tukamzika palepale, na kichwani pa kaburi tukachimbia bakuli lake la maua ya buluu, kama tunavyofanya sie watu wa pwani. Tulilipasua kitako kwanza, ili asitokee mwenye tamaa akaling'oa akapakulie wali.

Toka hapo, kila Shaabani kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, nikapanda na panga langu, nikafyeka, nikasoma Yasini, nikashuka. Nimezaa watoto sita, nimezalisha wanawake wa mtaa huu hata hesabu sina, nimezika mume, na mwaka hata mmoja sijakosa. Isipokuwa miwili hii ya karibuni, goti lilivimba kama papai. Miaka miwili tu. Ndiyo iliyoleta balaa.

Ijumaa moja akaja Twaha, mwenyekiti wetu wa mtaa. Kitovu chake nilikikata mie.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ingia, usisimame mlangoni kama mposaji."

Akakaa ukingoni mwa kiti. "Bibi, Kilima Kipara kimeuzwa. Kuna bwana mmoja wa Mikocheni kakichukua chote. Jumatatu greda linapanda kusawazisha."

"Kuna kaburi la mama yangu."

"Najua bibi, umenambia toka mie mdogo. Ila juzi nilipanda na wapimaji, tukazunguka weee, nyasi zimetupita vichwa. Hatukuona kitu. Yule bwana hana ubaya. Kasema kaburi likionekana atalizungushia uzio. Lisipoonekana, greda linapita."

"Halikuonekana na nani? Na macho yako hayo?"

"Bibi, mie niletee hata picha ya simu. Kabla ya Jumatatu. Nikiwa na picha nina la kusema."

Alipoondoka nilikaa nikaliangalia goti langu, na lau lingekuwa la mtu mwingine ningelipiga jembe. Bunduki zilishindwa kumwondoa mama pale. Leo aje kusukumwa na greda kama takataka kwa sababu mie niliumwa mguu.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nikamwamsha wifi yangu Rukaiya. Ni dada wa marehemu mume wangu, tunaishi nyumba moja, na tumegombana miaka arobaini bila kupumzika.

"Wanawake hatuendi makaburini, shehe kakataza," akasema, huku anavaa ndala.

"Shehe hakuzaliwa na mama yangu."

"Na goti lako?"

"Litatufuata nyuma."

"Mwajabu, wewe utakufa kwa ubishi, na mie utaniacha niwe shahidi."

"Shahidi atabeba jembe. Lile pale."

Nikachukua panga, kidumu cha maji na ubani. Bodaboda wakatufikisha kwenye mashimo ya mchanga wakagoma kuendelea, wakasema mbele hakuna njia. Kweli, hakukuwa na njia. Tukaingia kwenye vichaka kwa miguu na jua linachomoza.

Nilikuwa nimesahau kilima kile kinavyompokea mtu. Kwanza upupu, ukatuingia shingoni na kwapani tukajikuna mpaka ngozi ikatoka. Halafu nyasi zenyewe. Ukiziona kwa mbali utasema laini, zinalala na upepo kama manyoya ya paka. Ukiingia ndani zinakata. Kila unyasi wembe. Kufika nusu ya mteremko miundi yetu ilikuwa inavuja damu, na Rukaiya alishaanguka mara mbili, mara ya pili akaviringika akarudi hatua alizopanda zote.

"Nakuchukia!" akanipigia kelele kutoka chini.

"Chuki iko juu huku, ifuate!"

Nilimsikia anacheka na kulia kwa pamoja. Nikateremka nikamvuta mkono.

Tulipofika begani mwa kilima, nikakuta seng'enge. Waya mpya, nguzo mpya. Ndani yake kibanda cha mabati, mafiga matatu, sufuria ya maharage inachemka, sahani ya ugali juu ya jiwe. Mbwa wa rangi ya udongo amefungwa kamba kwenye nguzo ya kibanda. Akatoka mwanaume wa makamo, mrefu, macho mekundu kama mtu ambaye hajalala siku nyingi. Ana rungu mkononi.

"Nyie kina mama mnakwenda wapi? Huku kuna mwenyewe."

"Kwenu hakuna salamu?"

Akasita. "Shikamoo."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Adelard."

"Kwenu wapi, Adelard?"

"Tabora."

Niliposikia Tabora moyo ukatulia. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, sitamsingizia mtu.

Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Asiyejua utani atatuona vichaa. Bibi yangu alipokufa, Mnyamwezi mmoja alirukia ndani ya kaburi akalala, akasema maiti haizikwi mpaka yeye apewe jogoo, na wafiwa tukacheka matanga yakawa mepesi. Mtani anakula chakula chako bila kukaribishwa. Anakutukana mama na baba, na wewe unamtukana wake, na atakayenuna ndiye mjinga. Mkishatukanana vya kutosha, humnyimi kitu. Nikasema, alhamdulillahi, mlinzi mwenyewe mtani, nikimchokoza vizuri atatufungulia waya na panga atanishikia.

Nikainua seng'enge nikapita chini yake, nikaenda moja kwa moja kwenye jiwe, nikamega ugali wake nikatia mdomoni.

"Mbona mbichi? Nyie tangu zamani kazi yenu kubeba mizigo ya babu zetu, kupika hamjui. Mama yako kakufundisha nini?"

"Bibi, toka hapo," akasema. "Na mama yangu usimguse."

Rukaiya akacheka, maana mtani naye ndivyo anavyoanza, anajifanya kakasirika. Mie nikachochea.

"Nisimguse ni yai? Mama yako nitamkunja kwenye gunia la mkaa nimfukie shimo la taka, na ubani sichomi! Siku akifa nipigie simu, nije nicheze ngoma!"

Rukaiya alikuwa anashika mbavu. Mie nangoja jibu. Mtani mzuri hapo angesema mama yangu kaliwa na fisi akatapikwa. Nikamwangalia usoni nikaona hakuna mtu. Uso ulikuwa mtupu, kama nyumba waliyohama.

Rungu lilikuja kichwani. Nilikinga na mkono wa kushoto. Mfupa niliusikia kabla ya maumivu, ulilia ka, kama muhogo mkavu. Nikaanguka karibu na mafiga. Akainua rungu tena, na sasa alikuwa anapiga kelele mpaka mate yanaruka.

"Kazikwa Alhamisi! Mama yangu kazikwa Alhamisi, na mie niko hapa nalinda majani! Mcheze ngoma! Haya, cheza!"

Pigo la pili lilipiga ardhi, nilikuwa nimeshajiviringisha. La tatu lingenimaliza. Rukaiya, yule mwoga wa panya, alimpiga bapa la jembe mgongoni kwa nguvu zake zote. Yule akageuka, akampiga teke la tumbo, wifi yangu akarushwa akaangukia kwenye waya, miba ikamshika gauni na nyama.

Mbwa alikuwa anajivuta, kamba ikakatika. Alinishika mguu chini ya goti bovu, akazamisha meno akatingisha kama anatingisha panya. Panga lilikuwa bado kwenye kiganja changu cha kulia. Nikampiga kichwani. Hakuachia. Nikampiga shingoni. Hakuachia. La tatu likaingia, akaachia, akazunguka mara mbili akijitafuta, akalala.

"Simba!" yule mwanaume akalia. Ndilo lilikuwa jina la mbwa. Akanirukia na mikono mitupu.

Sikufikiri. Nilimkata. Panga lilianza begani likateremka mpaka karibu na kiwiko, na nyama ikafunguka nyeupe kwanza, damu ikaja baadaye. Hata hivyo akanikaba. Tukaviringika, mie mkono mmoja umekufa, yeye mkono mmoja umekufa, tunakabana kwa iliyobaki, tunang'atana, najua ladha ya sikio lake. Mguu wa mmoja wetu ulipiga sufuria. Sijui wangu au wake, na polisi hawakuuliza. Maharage yakamwagika, vijinga vikatawanyika kwenye nyasi za chini yetu, na kaskazi ya mwezi wa pili ikavipuliza.

Ukitaka kujua nani kachoma Kilima Kipara, ni hivyo.

Nyasi za kiangazi hazishiki moto polepole. Zilifanya sauti kama kanga mpya inachanwa. Tukaachiana wenyewe. Moto ulikuwa na urefu wa nyumba kabla hatujasimama, nao ukawa unapanda, maana upepo unasukuma juu. Adelard akaanza kukimbia, naye anakimbilia juu kilimani, mbele ya moto.

"Wewe! Huko unakufa!" nikapiga kelele. "Moto unapanda haraka kuliko miguu yako! Rudi chini, uupite!"

"Niupite vipi?"

"Hivihivi! Nyuma yake hakuna kitu, umeshakula!"

Akanitazama mie, akatazama juu, akatazama Rukaiya aliyenaswa kwenye waya anapiga yowe. Nilidhani atakimbia. Akarudi. Akamng'oa wifi yangu kwenye seng'enge, gauni likachanika likabaki pale, akambeba begani kwenye bega zima. Nikamwaga nusu ya kidumu kwenye kanga zetu, nikamfunika Rukaiya moja, nyingine nikajifunika kichwa.

"Usivute pumzi," nikasema. "Twende."

Tuliingia. Ni hatua saba au nane, lakini nimeishi miaka ambayo ilikuwa mifupi kuliko hatua zile. Nywele zangu nilizisikia zikitatarika masikioni, mayowe ya Rukaiya yakawa mbali kama ya mtaa wa pili, ndala zikayeyuka zikashika nyayo. Halafu chini pakawa peusi, pamoto lakini pamelala, tukaangukiana wote watatu tunakohoa moshi.

Moto ukaenda zake. Ulipanda mpaka kileleni ukazunguka ukateremka upande wa pili, unanguruma, na kunguru wanazunguka juu yake wakiokota panzi. Sie tumekaa kwenye majivu. Rukaiya ndiye aliyeanza kusema, yuko na shimizi tu, mgongo umechanika michirizi.

"Mwajabu."

"Naam."

"Nyusi huna."

"Na wewe gauni huna."

Adelard alikuwa ameshika bega, damu inapita kati ya vidole. Nikachana kanga kwa meno, Rukaiya akamfunga kwa nguvu mpaka mwenyewe akapiga kelele. Mkono wangu ukafungiwa kipande cha mpini wa jembe lililokuwa limeungua. Yote hayo yalifanywa kwa ukali, hakuna pole iliyotamkwa.

"Unasema wewe wa Tabora," nikamwambia.

"Nimezaliwa Tabora. Baba alikuwa wa reli. Sie si Wanyamwezi." Akatema damu. "Hayo matusi yenu mie siyajui, bibi. Nimeyasikia kwa watu tu."

"Na mama?"

"Alikufa Jumanne. Nikaomba ruhusa, bosi akasema ukienda usirudi. Wadogo zangu wako shule kwa kazi hii. Nikabaki. Alhamisi wakanipigia simu nisikie wanavyoimba. Mtandao ukakata."

Kuomba radhi sijazoea, sikufundishwa. Nilimtazama mbwa wake kule kwenye kibanda, ameungua, nikatazama pembeni.

Ndipo Rukaiya akasema, "Wifi, angalia."

Kilima kilikuwa kimenyolewa. Kipara kweli sasa. Na katika weusi ule, juu kidogo kutoka tulipokaa, kulikuwa na vitu vinang'aa jua likivipiga. Nikasimama nikapanda, goti, mkono, mguu ulioumwa na mbwa, vyote vinanitukana. Vilikuwa vigae. Sahani nyeupe hapa, nusu ya birika pale, kikombe. Makaburi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta moja, nikahesabu kumi na moja, wote watu wa nyumba zetu kumi na nne, wazee ambao nilikuwa nimeshasahau kama walizikwa huko. Miaka hamsini nimewapita kwenye nyasi nikawakanyaga, nikimfyekea mama yangu peke yake.

La kwake lilikuwa la nne. Bakuli la maua ya buluu, limepata masizi, limekaa.

Nikataka kusoma Yasini palepale, Rukaiya akanizuia.

"Na mate ya mbwa mguuni? Utasoma na najisi?"

Alikuwa sawa, na nilichukia. Mate ya mbwa yanaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Maji nusu kidumu. Nikanyoosha mguu, Rukaiya akamimina kwa kiganja, anahesabu kwa sauti kama mama wa chekechea. Mara ya udongo ikawa ya majivu na mchanga wa kilima, yakaingia kwenye mashimo ya meno, nikauma kanga. Alipofika saba kidumu kilikuwa na funda mbili. Moja akampa Adelard. Moja tukagawana.

Nikachoma ubani kwenye kishina cha nyasi kilichokuwa bado kinafuka, nikasoma. Nilipomaliza nikaona kaburi lenyewe limebonyea, mvua za miaka miwili zimekula udongo ubavuni. Linataka kupandishwa. Mie mkono mmoja. Rukaiya anatapika kwa lile teke.

Nikamwita. "Adelard. Jembe liko hapa. Mpini umebaki nusu."

"La nini?"

"Pandisha udongo. Wewe una mkono mzima wa kulia na mie nina wa kulia, lakini wewe una miguu."

Akalitazama jembe kama nyoka. "Huyu si wangu, bibi."

"Najua si wako. Wako yuko Tabora na hukumtupia hata konzi ya udongo. Na wangu yuko hapa na anahitaji udongo. Sasa utafanya au utakaa?"

Rukaiya akaninong'oneza, "Mwajabu, wewe huna moyo." Nikamwacha aseme.

Adelard alipiga magoti. Alianza kuvuta udongo kwa jembe, polepole, damu inachuruzika kwenye kitambaa. Halafu akaliacha jembe akawa anavuta kwa kiganja. Akaweka, akapiga kwa kofi, akaweka, akapiga. Katikati yake akaanza kulia, si kilio cha mwanaume cha kujificha, kilio cha kufungua kinywa, anaita kwa lugha yake jina ambalo sikulijua. Sikumgusa. Kilima kilikuwa kitupu, hakuna wa kumwona zaidi ya vikongwe viwili bila nyusi. Alipandisha udongo mpaka kaburi likawa kama tulivyoliacha mwaka ule.

Kisha Rukaiya akapiga picha kwa simu yake, kioo kimepasuka lakini kinaona. Kumi na moja, moja moja.

Kushuka sitasimulia. Tulishuka.

Hospitali hawakugusi kidonda cha ugomvi bila fomu ya polisi, ile PF3. Basi tukapitia kituoni wote watatu, tunanuka moshi. Askari akatutazama.

"Bibi, nani kakuvunja mkono?"

"Nimeanguka kilimani."

"Na wewe braza, bega?"

"Nilikuwa nafyeka, panga likateleza," akasema Adelard.

"Likateleza toka hapa mpaka hapa?" Askari akapima kwa kidole.

"Panga kali, afande."

Askari akamgeukia Rukaiya, amejifunga shuka la kuazima. "Na wewe mama umeanguka pamoja na panga?"

"Mie shahidi tu," akasema Rukaiya. "Sikuona kitu."

Jumatatu nikapanda tena, mkono kwenye plasta. Twaha alinibeba mgongoni sehemu ya mwisho, na alilalamika njia nzima kwamba mie mzito. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua: greda likija nitakaa juu ya kaburi kama alivyokaa mama mlangoni, wanivute nywele, na hizo zenyewe zimeungua.

Haikuhitajika. Tulipofika greda lilikuwa limeshaanza kazi chini, na makaburi yote kumi na moja yamezungushiwa waya. Seng'enge ileile, imeng'olewa kwenye nguzo za mpakani, imefungwa kwenye vijiti kwa mkono mmoja, imepinda huku na huku kama mwandiko wa mtoto. Kipande cha gauni la Rukaiya bado kinaning'inia. Yule bwana wa Mikocheni alikuwa amesimama na kofia, anamfokea Adelard kwa ajili ya moto na kwa ajili ya waya. Twaha akaenda na picha za Rukaiya, akawa anazungumza naye kwa adabu, "mzee hiki, mzee kile." Greda likazunguka. Nililiona kwa macho yangu likifika kwenye waya, likasimama, likazunguka.

Adelard alifukuzwa palepale. Akachukua begi lake kibandani. Nilikuwa nimekaa miguuni mwa mama, akapita karibu yangu anateremka, bega limefungwa bandeji nyeupe.

"Naenda Tabora, bibi."

"Nenda. Na kaburi lisiote nyasi. Ukikosa mwaka mmoja tu, utajuta."

"Wadogo zangu sijui watasomaje."

"Watasoma. Una mkono mmoja na nusu. Mie ninao mmoja."

Akaenda hatua kumi hivi, akasimama, akageuka. Uso wake ulikuwa na mtu ndani.

"Bibi!"

"Nini tena?"

"Na wewe ukifa nipigie simu. Nije nicheze ngoma!"

Twaha akaruka, akataka kumfuata ampige, mwenyewe hajui kama ule ni utani. Nilimzuia kwa mkono wa plasta. Nikavua ndala mpya niliyonunuliwa jana yake, nikamtupia yule mshenzi kwa mkono mzima, na ingawa macho yangu si ya zamani, ilimpata katikati ya mgongo.